Dada Yako Mkubwa au Mdogo?

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Muhula umeanza leo na tayari nimekasirika. Hilwa, mkuu wa ofisi ya uhusiano wa kimataifa hapa chuoni, aliniita asubuhi kabla sijanywa hata chai. Akaniambia darasa langu la Kiswahili limechaguliwa kwa mabadilishano ya mtandaoni na chuo kikuu kimoja cha Uganda. Kila Jumanne wanafunzi wangu watakaa majumbani kwao mbele ya kompyuta, wazungumze na wenzao wa huko wawili wawili, nami nirekodi, nisikilize, na mwishoni niandike ripoti.

Nikamwuliza kwa nini Uganda. Kama ni Kiswahili, si kuna Unguja, si kuna Tanga kwetu, si kuna hata Mombasa?

"Mwalimu Awadh, wao ndio waliojibu barua pepe," akasema. Hilwa ni mjukuu wa watu wa Pemba. Anaelewa kila neno ninalosema, ila siku zote hunijibu kwa Kiingereza. Leo kanijibu kwa Kiswahili, nikajua kuna jambo. Jambo lenyewe ni kwamba mkataba wangu unaisha Desemba, na wakubwa wamesema kozi isiyokuwa na "sura ya kimataifa" itafutwa. Nafundisha Kiswahili Dubai, mimi mtu wa Tanga, nawafundisha watoto wa watu wa Unguja walioingia Ghuba zamani, na bado sura yangu si ya kimataifa.

Nikasema sawa. Ningesema nini?

Jumanne, 9 Septemba

Kikao cha kwanza hakikufanyika. Niliwaandikia wanafunzi "saa tisa". Waganda wakafungua wakati wake, alasiri. Wangu walifungua asubuhi, saa tisa ya Kiingereza, wakakaa peke yao, wakaniandikia kwamba mwalimu hayupo. Wana bibi wanaojua saa za Kiswahili na hawajawahi kuwauliza bibi zao ni saa ngapi.

Jumanne, 16 Septemba

Leo wamekutana. Mwalimu wa upande wa pili ni kijana anaitwa Dakta Matia, amevaa tai nyumbani kwake, anacheka kabla hajasikia unachosema. Ameniita "mzee Awadh" mara nne. Nina miaka hamsini na moja.

Rawan, binti wa mtaa wa Mirdif hapa Dubai, nimempanga na binti mwenzake anaitwa Joweria, wa Masaka. Rawan ni mvivu mwenye adabu. Hasemi mpaka asemeshwe, na akisemeshwa hutabasamu akidhani tabasamu ni jibu. Joweria ni kinyume chake. Dakika ya tano alinikatiza nikiwa nazungumza na watu wengine: "Mwalimu, nipe mtu mwenye anaongea. Huyu amenyamaza tu."

Nikamwambia Kiswahili cha watu hakina "nipe", kina "naomba". Na hatusemi "mtu mwenye anaongea", tunasema "anayeongea".

"Kwani 'nipe' imeenda wapi?" akauliza. Wenzake wakacheka. Matia naye akacheka, badala ya kumkanya.

Kiswahili chao ni cha kuokota njiani. Nitaiandika ripoti hiyo kwa furaha.

Jumatano, 17 Septemba

Kiyoyozi cha chumbani kwangu, mtaa wa Al Rigga, kimekufa. Nje unyevu, ndani unyevu. Fundi kasema kesho inshallah. Najua maana yake.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimesahihisha insha za "Siku Yangu Nyumbani", ndiyo mada ya kesho. Nilidhani nitakufa kwa hasira. Nyumba zote hizo zina wafanyakazi, na kila mtoto kamwita mfanyakazi kwa neno lake. Mmoja kaandika "khaddama" ya Kiarabu, mmoja kaandika kwa Kiingereza, na Rawan, Mungu amsamehe, kaandika "mjakazi wetu". Nilipomwuliza kalitoa wapi neno hilo, akasema kwa bibi yake, mzaa baba.

Nikasimamisha somo. Nikawaeleza mjakazi ni nani, alinunuliwa wapi na aliuzwa wapi, na kwamba neno hilo sitaki kuliona tena kwenye karatasi ya mwanafunzi wangu. Wakauliza sasa tuseme nini. Nikawaambia kwetu mtu mstaarabu husema "dada". Dada wa kazi, au dada peke yake. Ni neno la heshima, anayefanya kazi nyumbani kwenu ni mtu wa nyumbani.

Wakaandika wote. Nilitoka darasani nikijiona nimefanya kazi ya maana. Hainitokei mara nyingi siku hizi.

Jumanne, 23 Septemba

Niandike yote, kwa sababu huenda siku moja nikaulizwa.

Rawan leo alikuwa amejiandaa. Alisoma insha yake vizuri, na ndege za uwanjani zinazopita juu ya Mirdif zilimkatiza mara mbili tu. "Asubuhi dada ananiamsha. Ananipikia chai. Halafu dada anafua nguo, anapika, anamwogesha bibi. Usiku dada analala chumba kidogo nyuma ya jiko."

Joweria alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Dada yako mkubwa ama mdogo?"

Rawan akafikiri. "Mkubwa."

"Anasoma wapi?"

"Hasomi. Anafanya kazi."

"Anafanya kazi wapi?"

"Hapa. Kwetu."

"Wewe unasoma, na yeye anakufulia nguo, na analala nyuma ya jiko." Joweria alisogea mpaka uso ukajaa kioo kizima. "Nyinyi mna kisa gani na huyo dada? Si wa mama mmoja?"

Mimi nilikuwa nacheka. Nakiri hapa, kwa kuwa hapa sisomwi na mtu. Nilikuwa nimezima sauti yangu na nacheka peke yangu chumbani, nikiwaza mfano mzuri huu kwa somo la maana za maneno. Nilipokumbuka kufungua sauti niwaeleweshe, Joweria alikwishasema, "Niitie nimsalimie," na Rawan, ambaye hajui kumkatalia mtu, alikwishaita.

Akaja mwanamke wa miaka thelathini hivi, kitambaa cha kufutia vyombo mkononi. Joweria akampa shikamoo kwa heshima zote. Mwanamke akajibu taratibu, "Marahaba. Mimi Daphine."

"Daphine?" Sauti ya Joweria ikabadilika. "Nnyabo, ova wa?"

"Nva Kalungu."

Kiganda sikijui, lakini hilo nililielewa. Mmoja kauliza unatoka wapi, mwingine kataja kwao. Daphine alikiweka kitambaa chini, akavuta kiti cha Rawan, akakaa. Rawan akabaki amesimama nyuma yake. Wakazungumza upesi upesi, na muda ukatuishia, nikafunga.

Baadaye nilimpigia Joweria kumweleza. Nikamwambia "dada" pale maana yake ni mfanyakazi wa nyumbani, ni neno la heshima, yeye hakulijua kwa sababu hakukulia kwenye lugha.

"Kumbe," akasema. "Sasa mtu akiniambia dada, nitajuaje ni dada yupi?"

"Utajua kwa muktadha."

"Muktadha gani, mwalimu? Wa kulala nyuma ya jiko?"

Nikamwambia kesho asome ukurasa wa arobaini wa kitabu.

Jumanne, 30 Septemba

Mada leo ilikuwa vyakula. Joweria hakutaka vyakula. Alitaka Daphine. Rawan akamwita tena, na wakaanza Kiganda chao, na Daphine akizungumza huku akitazama mlango. Nilivumilia kidogo. Kisha nikasema hii ni kozi ya Kiswahili, na kama hawatarudi kwenye lugha ya kozi nitazima. Hawakurudi. Nikamzimia Daphine sauti. Midomo yake iliendelea kwenda kwa muda kabla hajatambua kwamba hasikiki.

Alhamisi, 2 Oktoba

Matia ametuma ujumbe wa sauti. Safari hii hakucheka.

"Mzee Awadh, nimesikiliza ile rekodi ya Jumanne. Acha nikuambie Daphine alikuwa anasema nini kabla hujamzimia. Mkataba wake ulikwisha mwezi wa tatu. Kila akiuliza lini anakwenda kwao, madam anamwambia inshallah. Pasipoti yake iko kwa madam. Simu yake pia iko kwa madam, anapewa siku ya Ijumaa, sebuleni, na sharti ni moja, aongee Kiswahili, ili wenye nyumba waelewe. Sasa mama yake wa kule Kalungu hajui Kiswahili hata kidogo. Mara ya mwisho mama alisikiliza akasema, huyu si mwanangu, mwanangu anaongea Kiganda, nyinyi mnaficha nini, mwanangu amekufa. Akakata. Tangu hapo simu hapokei. Kwa hiyo kule nyumbani, mzee, Daphine ni marehemu. Hataki polisi, hataki kesi, anaogopa kesi itamkalisha huko mwaka mwingine. Anataka kwenda kwao tu. Hayo ndiyo ulizima."

Niliusikiliza ujumbe huo kwenye ngazi za jengo, kwa sababu chumbani bado kuna joto. Kwanza nilimkasirikia Matia kwa jinsi alivyosema "hayo ndiyo ulizima". Halafu nikamkasirikia Joweria kwa kuniingiza. Halafu nikaishiwa watu.

Jumanne, 7 Oktoba

Rawan kazima kamera. Mada: hali ya hewa. Hata hali ya hewa haikuzungumzwa.

Jumatano, 8 Oktoba

Nilimbakisha Rawan baada ya somo, nikamwuliza kama ni kweli.

"Kweli, mwalimu. Mama anasema Kiganda wanakitumia kupanga kutoroka. Mfanyakazi wa mwanzo alitoroka."

"Na wewe unasemaje?"

Akatabasamu, kama kawaida yake, kisha tabasamu likamtoka. "Mimi sijawahi kuulizwa."

Nilitaka kumgombeza. Nikakumbuka kwamba mimi nina cheti, nina darasa, nina pasipoti yangu kwenye droo, na nimelijua jambo hili tangu Alhamisi.

Jumanne, 14 Oktoba

Mada: familia yangu. Kila mmoja asome aya moja mbele ya wote. Joweria alipofikiwa akasimama, ingawa hakuna anayesimama mtandaoni.

"Mimi naitwa Joweria. Nina kaka wawili. Nina dada mmoja, anaitwa Daphine, yuko Mirdif. Kazi yake ilikwisha mwezi wa tatu, na hawamwachi aje nyumbani. Mama yetu anadhani amekufa. Mwalimu Awadh ametufundisha kuwa huyo anaitwa dada. Mimi nimekubali. Kama ni dada, kwa nini anaomba ruhusa ya kwenda kwao?"

Hakukosea upatanisho wa sarufi hata mmoja. Nilitafuta kosa nikakosa, nami hutafuta kosa hata kwenye khutba ya Ijumaa.

Nyuma ya Rawan akatokea mama yake, Bi Zuwena, mtandio begani. Alikuwa amesikia. Aliinamia kompyuta, akatutazama sisi sote kwenye vile visanduku vyetu, akaifunga.

Alhamisi, 16 Oktoba

Kwa Hilwa. Bi Zuwena amelalamika, na Bi Zuwena ni katika wazazi walioidai kozi hii ianzishwe na wanaoisemea kila mwaka. Hilwa alirudi kwenye Kiingereza chake na hakutoka humo. Anataka ripoti mapema, isingoje Desemba. Iseme kwamba mwanafunzi wa upande wa pili hakuwa na Kiswahili cha kutosha, hakulielewa neno la kawaida, na kutokana na kutolielewa akaitukana familia ya watu. Joweria aondolewe, rekodi zifutwe, na mabadilishano yaendelee vizuri.

"Hiyo si lugha, Hilwa. Hilo ni jambo jingine."

"Wewe ndiye mtaalamu," akasema, hatimaye kwa Kiswahili. "Ukisema ni lugha, ni lugha. Khalas, imekwisha."

Mkataba wangu mpya ulikuwa mezani kwake. Hakuutaja wala hakuufunika.

Kinachonikera zaidi ni kwamba mwezi mmoja uliopita ningeiandika ripoti hiyo neno kwa neno, bila kuombwa.

Jumapili, 19 Oktoba

Kiyoyozi kimepona. Silali vilevile.

Jumanne, 28 Oktoba

Kikao. Joweria ananitazama tu. Matia kasema chuo chao kinahesabu mabadilishano haya kama somo kamili, na akiondolewa atarudia mwaka. Nimemwambia sijaandika kitu. Akasema, "Bado hujaandika, mzee." Sijui kama alikuwa ananisifu au ananitukana.

Jumamosi, 1 Novemba

Nimetoka Mirdif. Bi Zuwena alinialika chakula cha mchana, na dereva wao akaja kunichukua Al Rigga. Nilikwenda nimejiandaa kukutana na jini. Nilimkuta mwanamke mchovu.

Mume wake ana kampuni ya kusafirisha mizigo huko Freezone, eneo huru la biashara la uwanja wa ndege, na harudi mpaka giza. Mama mkwe wake, yule bibi wa maneno ya zamani, amelala kitandani mwaka wa pili sasa, upande mmoja umekufa. Daphine ndiye anayejua kumgeuza bila kumuumiza. Bibi akiguswa na mtu mwingine hupiga ukelele nyumba nzima ikasikia.

"Nshaleta watu wawili wa kujaribiwa, mwalimu," Bi Zuwena akasema. "Mmoja bibi kamng'ata. Wewe nambie, mie nifanye nini? Nimwachie Daphine, bibi aoze vidonda? Daphine keshakuwa mtu wa hapa. Mie nnamchukulia kama mwanangu."

"Mwanao Rawan ana simu yake, Bi Zuwena."

Akaurekebisha mtandio wake. Daphine akaleta kahawa, akainamisha kichwa, akatoka. Sikujua nimwangalie wapi.

"Wewe ndo mwenye lugha," akasema tulipobaki wawili. "Andika tu kuwa yule mtoto hajui Kiswahili. Hamna atakayekubishia. Kisha mambo yatapoa, na mie nitamtazama Daphine, inshallah."

Inshallah ile ile. Na pale, kikombe kikiwa mkononi, ndipo nilipoiona thamani ya kitu nilichokuwa nacho. Mwanamke huyu haogopi sheria wala haniogopi mimi. Anaogopa watu wa Unguja wa Mirdif wasije wakamsema. Anataka karatasi ya kuwaonyesha, yenye jina la mwalimu, inayosema kwamba yote yalikuwa kosa la lugha. Karatasi hiyo iko kwangu.

"Nitaandika," nikasema. "Daphine akishapanda ndege."

"Mwalimu, wafanya biashara na miye?"

"Ndiyo, Bi Zuwena."

Hakunifukuza. Akasema atafikiri. Pilau ilikuwa nzuri, na inaniudhi kwamba nimeikumbuka.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimewapigia Matia na Joweria pamoja. Nilidhani nitaeleza vizuri, nikaeleza vibaya. Nilizunguka sana. Nikasema kuna njia moja, si nzuri, nikasema tathmini, nikasema umilisi, nikasema mazingira ya kitaasisi.

Matia akanikatiza. "Unataka kuandika kwamba mwanafunzi wangu bora hajui Kiswahili. Na arudie mwaka. Ili wewe upate mkataba wako. Mzee, wewe ni mtu wa hovyo sana."

Mkataba kweli nitaupata. Nimejaribu kuitenganisha ile ripoti na mkataba, haitenganishiki.

Joweria alituacha tumalize. Yule binti asiyejua kunyamaza.

"Ukiandika, huyo madam atamwacha Daphine aende?" akauliza.

"Akishapanda ndege ndipo nampa. Si kabla."

"Basi andika, mwalimu. Andika mimi sijui Kiswahili."

Matia akaanza kusema kwa Kiganda, kwa ukali. Joweria akamjibu neno moja, naye akaacha.

"Lakini usiweke makosa yenye sikufanya," akaniambia. "Ukitaka mfano, tumia 'nipe'. Hiyo nilisema."

Aliposema "yenye sikufanya" nilifungua mdomo nimrekebishe. Nikaufunga. Nimeona haya, na sina neno zuri zaidi la kuandika hapa.

Jumamosi, 8 Novemba

Bi Zuwena kakataa. Kaniambia kwa simu kwamba bibi hana wa kumgeuza, basi.

Jumatano, 12 Novemba

Rawan hakuja darasani wiki nzima. Leo kaja, macho mekundu, alama za kucha mkononi. Nikamwuliza kafanya nini.

"Najifunza kumgeuza bibi. Daphine ananifundisha. Siku ya kwanza bibi alinifinya, siku ya pili alinitukana, jana alilala." Akakaa mbele, mahali ambapo hajawahi kukaa. "Nimemwambia mama, kazi ya Daphine nitaifanya mimi mpaka apatikane mwingine. Mama akasema wewe una chuo. Nikasema nitamgeuza asubuhi na usiku, mchana umgeuze wewe."

"Akasemaje?"

"Akalia, mwalimu. Halafu akampigia mtu wa tiketi."

Nilikuwa nimemwandika huyu mtoto humu kuwa ni mvivu. Sikifuti nilichoandika, shajara si ubao, lakini naandika hapa chini yake kwamba nilikosea.

Jumapili, 16 Novemba

Nimeandika ripoti. Imenichukua kutwa nzima, kurasa mbili. Ni karatasi ya kwanza ya uongo kuiandika juu ya lugha, na nimeiandika kwa Kiswahili safi kabisa: "Mwanafunzi huyu hana umilisi wa kutosha wa lugha ya Kiswahili, hususan katika kutambua maana za msamiati wa kila siku kama zinavyotumika katika jamii ya wasemaji. Kutokana na upungufu huo, alichukua neno la adabu kwa maana yake ya kifamilia." Kila sentensi imesimama. Mtu yeyote wa kamati ataisoma aamini. Mfano nimeweka ule ule mmoja aliouruhusu.

Jumatano, 19 Novemba

Asubuhi ukungu mzito, ndege zimechelewa, na leo ndiyo safari ya Daphine. Nilitazama dirishani kana kwamba ningeiona ya kwake.

Saa saba mchana Rawan kaniletea picha: Daphine ameshika pasipoti na simu yake, amevaa sweta la Rawan, hacheki. Chini Rawan ameandika, "Ameingia ndani, mwalimu." Nilingoja mpaka iandikwe mtandaoni kwamba ndege imeondoka. Kisha nikaipeleka ripoti kwa Hilwa, nakala kwa Bi Zuwena.

Hilwa akaisoma nikiwa nimesimama. "Ahsante, Mwalimu Awadh," akasema. "Umeandika vizuri."

Nikamwambia najua.

Jumanne, 25 Novemba

Kisanduku cha Joweria hakipo. Matia kanisalimia kwa ufupi, hajaniita mzee. Mada: usafiri.

Jumanne, 9 Desemba

Hafla ya kufunga. Hilwa kahutubia kwa Kiingereza kuhusu madaraja kati ya mabara. Kila mwanafunzi kapewa cheti, wa Uganda kwenye kioo cha kompyuta, Bi Zuwena kakaa safu ya mbele na wanawake wenzake, wamevaa wamependeza, na hakuna aliyemsema. Rawan aliondoka kabla ya keki. Ilikuwa zamu yake ya bibi.

Mkataba nimesaini, miaka miwili. Wameniambia mwakani mabadilishano yataendelea, na kwamba Uganda imeleta maombi mapya kwa sababu tulionyesha "viwango". Nilikunywa juisi yao yote ya embe bila kumsemesha mtu.

Jumamosi, 13 Desemba

Mvua imenyesha Al Rigga, barabara zimejaa maji na watu wanapiga picha. Nilikuwa nasahihisha mitihani ujumbe wa sauti ulipoingia. Ni wa Joweria. Mwezi mzima hajaniandikia, wala mimi sikuwa na uso wa kumwandikia.

Unaanza na kuku, na mtoto analia mbali. Kisha sauti ya mwanamke mzee, inasema kwa Kiganda, polepole, muda mrefu. Inapanda, inashuka, mara inakatika, mara inaanza tena. Sijaelewa kitu. Jina la Daphine limo, na jina langu limo pia, limetamkwa vibaya.

Mwisho anakuja Joweria.

"Mwalimu, niko Kalungu. Huyo ni mama yake Daphine. Amekuambia maneno mengi sana, na mengine si ya kukusifu. Ningekutafsiria, lakini mimi sijui Kiswahili. Umeandika wewe."

Nimeusikiliza mara tatu. Ningeweza kumpelekea Matia anitafsirie. Sijampelekea.